Tairi la akiba, gari kuukuu na safari ya Mombasa

Kati ya Nairobi na Mombasa kuna kilomita 480 hivi za lami, na hakuna hata moja iliyowahi kumwonea huruma dereva asiye na tairi la akiba. Utapata pancha mahali usipopajua jina, jua la saa saba likikuchoma utosini, huku malori yakikupita kwa kishindo hadi gari litikisike. Hapo ndipo utakapojua kama ulichobeba kwenye buti ni msaada au ni pambo.

Leo tusiwazungumzie wenye pikapu na magari ya familia, ambao tairi lao la akiba ni sawa na yale manne yaliyo barabarani. Tuwazungumzie wale ndugu zetu wenye magari ya spoti ya zamani: Datsun 240Z, Porsche 911, MGB, Alfa Romeo na mengineyo. Utayaona yakimetameta katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong wakati wa maonyesho ya Concours d'Elegance, yamepanguswa hadi kwenye nati. Lakini gari halikuundwa likae kwenye nyasi. Siku moja mwenye nyumba atamwambia mwenziwe, "Mama watoto, funga begi twende Pwani." Na maswali yataanza.

Gari moja lililoijua nchi hii

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, maana hilo si mgeni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller waliyashinda kwa 240Z. Mwaka wa 1973 ilikuwa zamu ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, pia kwa 240Z. Mwaka huo Mehta alitoshana alama na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun, na ushindi ukamwendea Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Hayo yalikuwa magari ya viti viwili, bapa kama kobe, na yalipita kwenye matope na mawe yaliyowashinda makubwa.

Gari hilo lilipotoka kiwandani, tairi lake la akiba lilikuwa kamili, limelazwa ndani ya shimo chini ya sakafu ya nyuma. Lakini magari haya sasa yana umri wa miaka 50 na zaidi, na wenyewe wameyabadilisha. Wengi wameyavalisha matairi mapana kuliko yale ya awali, na hayo mapana huenda yasiingie tena katika shimo lile. Wengine wanataka nafasi ya mabegi. Ndiyo maana wamegeukia lile tairi jembamba linalokuja na magari ya mitumba kutoka Japani, ambalo watu hulicheka na kuliita tairi la baiskeli.

Usilicheke, msomaji. Tairi hilo likichaguliwa vyema litakutoa jangwani. Likichaguliwa ovyo, litakutia kaburini.

Barabara ya Kirinyaga

Safari ya Mombasa basi haianzii Mlolongo, bali Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, miongoni mwa maduka ya vipuri ambako rimu hutundikwa ukutani kama sufuria sokoni. Huko nilimkuta mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa akishindana na muuzaji kijana.

"Mzee wangu, hii inaingia kabisa. Ina matundu manne kama ya gari lako," kijana alisema.

"Kuingia si kutoshea, kijana wangu. Nipatie rula," mzee akajibu.

Mzee yule alijua afanyalo. Rimu ya Datsun 240Z ina matundu manne, na ukipima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo utapata milimita 114.3. Magari mengi madogo ya Japani nayo yana matundu manne, lakini nafasi hiyo ni milimita 100. Ukizitazama rimu hizo mbili kwa jicho tu zafanana kama mapacha. Utaitambua tofauti usiku, porini, gari likiwa juu ya jeki. Kwa hivyo nenda na rula.

Ukishapima matundu, soma maandishi ya ubavuni. Tairi la muda huandikwa kwa mfano T125/70D15. Herufi T yaonyesha kuwa ni la matumizi ya muda. 125 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. D yaonyesha namna nyuzi zake zilivyopishana, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu ya darasa la sita. Asilimia 70 ya 125 ni milimita 87.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hivyo zidisha kwa mbili upate 175. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni milimita 556, na hicho ndicho kimo cha tairi zima. Iwapo gari lako limevaa matairi ya 195/70 ya rimu ya inchi 14, hesabu hiyo hiyo itakupa milimita 629 hivi. Tofauti ni milimita 73, upana wa kiganja. Gari litalala upande mmoja kama mashua iliyopakiwa vibaya. Lakini ukipata lililoandikwa T125/90D15, kimo chake ni milimita 606, na tofauti inapungua hadi milimita 23. Kadiri tofauti ilivyo ndogo ndivyo gari linavyotulia. Ila ulipime pia shimo la kulihifadhia, upana na kina, kabla ya kulipa.

La tatu ni umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tazama tarakimu za mwisho. Tangu mwaka wa 2000 tarakimu hizo huwa nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo liliundwa kabla ya mwaka wa 2000, hata kama vinyweleo vya mpira bado vinaonekana. Mpira huzeeka hata ukilala gizani. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike likishapita miaka kumi, liwe limetembea au halikutembea. Magari ya zamani mara nyingi hubeba tairi la akiba la siku lilipotoka meli. Mwenyewe hujisifu kuwa ni la asili. Naam, ni la asili, nalo litapasuka kwa asili yake.

La nne ni nati. Rimu za alumini za kisasa wakati mwingine hufungwa kwa nati zenye shingo ndefu, ilhali rimu ya chuma hutaka nati yenye ncha ya mviringo kama funeli. Nati yenye shingo haiwezi kuikaza rimu ya chuma. Basi nunua nati nne zinazofaa, zitie katika kifuko, na kifuko kikae ndani ya tairi la akiba.

Mwisho, usilipeleke nyumbani ukalifungia. Lifunge kwenye gurudumu la mbele ukiwa uani kwako. Lizungushe kwa mkono usikie kama linagusa breki. Geuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Kisha lifunge pia nyuma. Kazi hiyo ni ya saa moja, na pembeni kuna chai.

Wenye MGB za magurudumu ya spoku wana mtihani wao. Gurudumu hilo halina matundu ya nati. Huingia kwenye meno ya ekseli na kukazwa na nati moja kubwa katikati. Hakuna tairi jembamba la Kijapani litakaloshika hapo. Beba la spoku lenye meno yale yale, na nyundo laini ya shaba ya kulifungulia.

Mlolongo hadi Makindu

Haya, tumefunga mikanda. Ukiwa na haraka utapanda ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kutoka Westlands, ikuteremshe Mlolongo. Ingia kituo cha petroli utie upepo. Matairi yako manne yatataka pauni 30 hivi, kulingana na kitabu cha gari. Tairi jembamba la muda hutaka pauni 60, na idadi hiyo imeandikwa ubavuni mwake. Mhudumu atakutazama kana kwamba umechanganyikiwa. Mwonyeshe maandishi. Likitiwa pauni 30 tu, ubavu wake utajikunja, utapata moto, na halitafika mbali. Upepo huvuja polepole hata tairi likiwa limelala, kwa hivyo lipime kila mwezi, na kila kabla ya safari. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye kiwashio cha sigara ni rafiki mwema.

Wenye Porsche 911 za miaka ya sabini na themanini wanalijua tairi la aina nyingine, lililokunjamana kama tumbo la mwenye njaa. Hilo hufungwa garini likiwa halina upepo, kisha hujazwa kwa pampu gari likiwa bado juu ya jeki. Ukiliteremsha gari kabla ya kulijaza umeliharibu. Pampu isipofanya kazi, tairi hilo ni mzigo mtupu.

Utapita Athi River, utapanda na kushuka milima ya Salama, ambako malori hukokotana kama siafu. Ikiwa tayari umefunga tairi jembamba, usipite kilomita 80 kwa saa. Kasi hiyo imeandikwa kwenye rimu yenyewe. Mpira wake ni mwembamba, unashika lami kidogo, na breki huchelewa, hasa mvua ikinyesha. Matatu na malori yenyewe kisheria hayaruhusiwi kupita kilomita 80, kwa hivyo kwa siku hiyo wewe ni matatu. Vumilia.

Baada ya Salama ni Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultan Hamoud wa Zanzibar tangu enzi za kujengwa kwa reli, kisha Emali, halafu Makindu. Hapa kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, ambapo msafiri yeyote hukaribishwa chakula bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, ule chapati na dengu. Ukitoka, zunguka gari lako uyaguse matairi kwa kiganja. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, linakuambia kitu.

Kuelekea Mtito Andei

Kutoka Kibwezi mibuyu inaanza kujitokeza, na joto linapanda. Tuseme pancha imekupata hapa, tena gurudumu la nyuma. Ondoka kabisa kwenye lami. Weka vibao vyako vya pembetatu mbali na gari, mbele na nyuma. Abiria atoke, akae upande wa pori na si upande wa barabara.

Datsun 240Z husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukifunga nyuma tairi lenye kimo kifupi, gurudumu moja litazunguka haraka kuliko jingine kila sekunde ya safari, na meno ya difu yatafanya kazi ambayo kwa kawaida huifanya kwenye kona tu. Mafuta yake yatachemka. Ikiwa difu yako ni ya aina inayozuia magurudumu kuachana, hatari ni kubwa zaidi.

Dawa ni kubadilishana. Kwa kuwa matairi manne ya gari hili kwa kawaida yanalingana, inua mbele kwanza, ondoa tairi zima, ufunge lile jembamba. Teremsha. Sasa inua nyuma, ondoa lenye pancha, ufunge lile zima ulilolitoa mbele. Ni jasho mara mbili, lakini difu itakushukuru. Kumbuka kuwa breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, kwa hivyo ukiinua nyuma weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Beba pia kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana mchanga wa huku humeza chuma.

Gari ambalo matairi yake ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kama baadhi ya 911, halina nafuu hiyo. Mwenye gari hilo na atembee polepole, masafa mafupi, hadi mji ulio karibu.

Tsavo: abiria au tairi?

Mtito Andei uko karibu nusu ya njia. Kwa Kikamba jina lake lahusishwa na msitu wa tai wala mizoga, na baada ya kuuacha unaingia kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hadi Voi ni karibu kilomita 95, na ndovu wekundu kwa vumbi wanaweza kuwa kando ya barabara. Hapa ndipo penye swali ambalo watu wengi hawalifikirii wakiwa Nairobi: tairi lililotoboka litakaa wapi?

Shimo lilikuwa la tairi jembamba. Pana halimo. Katika 240Z hakuna ukuta kati ya buti na viti. Kisogo cha abiria na mizigo vinatazamana. Katika 911 tairi pana la nyuma haliingii kwenye buti ya mbele. Matokeo yake, watu hulitupa nyuma ya viti au humpakatisha abiria, wakaendelea na safari wakicheka.

Hebu tupige hesabu nyingine. Tairi na rimu yake laweza kuwa na uzito wa kilo 15. Gari likienda kilomita 80 kwa saa na kugonga kitu likasimama ghafla, tairi lisilofungwa halisimami. Linaendelea mbele kwa kasi ile ile ya kilomita 80. Ni sawa na tairi hilo kuangushwa kutoka urefu wa mita 25, yaani kama ghorofa ya nane, huku mtu amekaa chini yake. Mtu huyo ni mkeo, au mumeo, au mwanao.

Kwa hivyo tairi hufungwa. Si kwa kamba ya katani, ambayo hukatika, wala kwa kamba ya mpira ya kufungia mizigo ya baiskeli, ambayo huvutika. Hufungwa kwa mikanda miwili ya kukaza yenye meno, ile wanayotumia wenye malori. Lilaze tairi bapa, upande wa nje wa rimu ukitazama juu. Pitisha mikanda katikati ya rimu, ipishane kama msalaba, na uishikize kwenye vyuma vilivyofungwa kwa bolti katika bodi ya gari, si kwenye plastiki wala kwenye zulia. Ikiwa gari lako halina vyuma hivyo, fundi wa bodi atakufungia kabla ya safari, chuma kipana kikiwa chini ya sakafu ili bolti isichomoke. Ukishakaza, lishike tairi ulivute kwa nguvu zako zote. Likicheza, kaza tena.

Na ikiwa hakuna mahali pa kulifunga? Basi liache Mtito Andei katika kituo cha petroli, upewe risiti. Ikiwa hutaki kuliacha, abiria apande basi, au treni ya Madaraka Express, ambayo tangu mwaka wa 2017 ina vituo Mtito Andei na Voi. Tairi linaweza kununuliwa tena.

Najua litazua ubishi. Kuna bwana atakayesema rimu yake ni ya mwaka wa 1972 na haipatikani popote. Mpenzi msomaji, muulize na mkewe ni wa mwaka gani, na kama anapatikana duka gani.

Voi hadi baharini

Ukifika Voi, usishawishike kusema, "Mbona linakwenda vizuri tu, tutengeneze Mombasa." Zimesalia kilomita 150 hivi, na tairi jembamba lilikusudiwa kukufikisha kwa fundi, nawe umefika. Fundi wa pancha aitoe tairi kwenye rimu, atazame ndani. Ikiwa ubavu umesagika kwa kukanyagwa bila upepo, hapo hakuna kiraka, nunua jingine. Ikiwa ni msumari katikati ya kashata, atalitibu.

Rudisha kila kitu mahali pake: tairi zima garini, jembamba shimoni likiwa na pauni 60, nati katika kifuko chake. Kaza nati kwa kupishanisha, moja kisha iliyo mkabala nayo. Baada ya kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena, maana nati zilizofungwa upya hulegea kidogo.

Pa kusimama pako tayari. Pale Mackinnon Road, kando ya reli ya zamani, pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na wasafiri wengi husimama hapo kuomba dua ya safari. Omba dua yako kwa imani yako, kisha toa spana ukaze nati. Mambo hayo mawili hayagombani.

Baada ya hapo ni Taru, Samburu, Mariakani na Mazeras. Minazi inaanza, hewa inakuwa nzito, na harufu ya chumvi inaingia dirishani. Gari lako kuukuu litavuka Makupa na kuingia kisiwani likinguruma, na vijana watageuza shingo kulitazama. Watasifu rangi, watasifu sauti, watapiga picha. Hakuna atakayeuliza kuhusu mikanda miwili iliyo nyuma ya viti, wala nati nne katika kifuko.

Lakini aliyekaa kando yako anajua kuwa zipo. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Safari njema.